Maswali ya wazazi: mtoto wa chekechea na gemu ya mkononi

Tangu likizo ianze, karibu nusu ya meseji ninazopata zinahusu jambo moja: gemu za mkononi. Ndugu wanarudi nyumbani na zawadi, maduka ya Mwanjelwa na Miyomboni yamezitundika mlangoni kama peremende, na wazazi wa watoto wa miaka mitatu, minne, mitano wanauliza kama ni mapema. Nimefundisha chekechea hapa Mbeya kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kama mwalimu. Maswali nimeyafupisha.

Mwalimu, habari za kazi. Kaka yangu amerudi kutoka Uingereza na Nintendo Switch Lite kwa ajili ya mwanangu wa miaka minne na nusu. Mume wangu anasema mtoto ana akili, ataweza. Mimi nina wasiwasi. Yuko tayari? – Mama, Uyole

Njema, mama. Akili ya mtoto siitilii shaka hata kidogo. Ninachotaka kujua kwanza ni habari za vidole vyake. Kesho asubuhi mwache afunge vifungo vya shati mwenyewe, usimsaidie. Wengi wa miaka minne wanaweza kufungua vifungo kadhaa. Kuvifunga huja karibu na mwaka wa tano. Gemu inadai zaidi ya hapo. Dole gumba la kushoto linamwendesha mtu, la kulia linamrusha, na macho yanatakiwa yabaki kwenye kioo muda wote, yasishuke kutafuta kitufe kiko wapi. Halafu kuna uzito. Switch Lite, iliyotoka mwaka 2019, ina gramu kama 275, yaani robo ya sukari na ushei. Mpe mtoto robo ya sukari aishike kwa mikono miwili mbele ya kifua, uone atachoka baada ya muda gani. Akichoka ataishusha mapajani na shingo itainama kuifuata.

Kuna mtoto mmoja, alikuwa na miaka minne, aliingia darasani kwangu na gemu ya kaka yake ameificha ndani ya sweta. Wakati wa mapumziko sikumnyang'anya, nilikaa nikamtazama. Aliiweka juu ya magoti, ulimi nje, akawa anabonyeza kwa kidole cha shahada kama mtu anayebonyeza kengele ya geti. Kikaragosi kikatumbukia shimoni. Kikatumbukia tena. Mara ya nne akaninyooshea: "Mwalimu, nipitishie hapa." Nikampitisha. Hatua tatu mbele, akarudi: "Nipitishie tena." Mpaka kengele ya uji inalia nilikuwa nacheza mimi, na yeye ameninunia kwa sababu ninachelewa. Tangu siku ile neno hilo, nipitishie, ndicho kipimo changu. Mtoto anayeomba kupitishwa mara moja moja anajifunza. Anayeomba kila dakika, gemu hiyo si ya umri wake, hata kama anajua kuiwasha, kuizima na kutafuta katuni kwenye simu ya baba.

Kipimo cha pili ni kuachia. Mwangalie anapocheza na wenzake uwanjani: zamu yake kwenye bembea ikiisha, anashuka? Akishindwa, anarudi kucheza au siku yake imeharibika? Kufuata sheria za mchezo na kungoja zamu ni mambo yanayoanza kukaa vizuri kichwani mtoto anapofikisha miaka mitano. Kama bado hajafika hapo, gemu haitamfundisha, kwa sababu gemu haina mwenzake anayengoja.

Namba iliyoandikwa kwenye kava isikupotoshe pia. Gemu za Ulaya hubandikwa alama ya umri iitwayo PEGI: 3, 7, 12, 16 au 18. Hiyo 3 maana yake ni kwamba ndani hamna picha za kumtisha wala matusi ya kumharibu mtoto wa miaka mitatu. Haimaanishi kwamba mtoto wa miaka mitatu ataiweza. Nyingi zinadai kusoma maelekezo, na kwa Kiingereza.

Ushauri wangu: iwekeni kabatini mpaka akaribie miaka sita, ila zawadi ya mjomba isifichwe kama kitu kibaya. Mtoto aifungue, aione, ashukuru. Mjomba akija Jumapili wakae wote wawili, gemu iwe juu ya meza au mto, wacheze dakika kumi na tano. Mjomba ndiye anayeipenda, basi naye awepo. Kabla ya hapo weka namba ya siri, na kuna programu ya wazazi ya Nintendo unayoiweka kwenye simu yako ili upange muda wa kucheza kwa siku. Zile kadi za gemu, zinazochomekwa ndani yake, ni ndogo kama stempu. Kampuni imezipaka dawa chungu sana ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Hata hivyo ziweke juu.

Mwalimu, nilinunua kile kigemu cha "400 ndani ya moja" kwa mwanangu wa miaka mitatu. Ni cha bei nafuu tu, nikaona hakina shida. Mke wangu amegomba. – Baba, Mafinga

Kaka, mkeo yuko sahihi, na bei haihusiki. Gemu zilizomo humo nyingi ni za zamani, za miaka ya 1980, zilizotengenezwa kuwa ngumu. Nyingine ni za kupiga risasi, na kwenye boksi hakuna alama yoyote ya umri wala namna ya kuzifunga. Nyingi hazihifadhi mtoto alipofikia: ukizima, umefuta. Mtu mzima anavumilia, ila mtoto wa miaka mitatu anaona umevunja nyumba yake.

Kinachonitia hofu zaidi ni betri. Vile vigemu hutumia betri ya BL-5C, ile ile ya simu za kitochi, na mfuniko wa nyuma hufunguka kwa ukucha. Ikivimba, itoe, usiichaji tena. Na kama nyumbani kuna kidude kingine chochote chenye betri ndogo ya duara kama ya saa, hakikisha mfuniko wake una skrubu. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukihisi tu mtoto ameimeza, usimtapishe, usingoje uone dalili, mkimbize hospitali.

Kigemu chako cheza wewe, mtoto akishalala.

Gemu inaharibu macho? – Dada mlezi, Kihesa, Iringa

Kioo kidogo kinachoangaliwa karibu, muda mrefu, kinachosha macho, na mtoto akikodoa hupepesa mara chache mpaka macho yanakauka. Jambo lililothibitika vizuri ni kwamba watoto wanaokaa nje kwenye mwanga wa mchana muda mwingi wana nafasi ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali. Iringa jua mnalo, mtoe nje. Kama gemu mliyonayo ni Nintendo 3DS, ile yenye picha zinazotokeza, zima hiyo sehemu: watengenezaji wenyewe walionya isitumiwe na watoto wa miaka sita kushuka chini, kwa kuwa macho yao bado yanakua.

Mwanangu, mjukuu wangu ana miaka mitano. Mama yake yuko Dar, alimletea gemu Pasaka. Ikizimwa anajigaragaza, na chakula hali. Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wembe huu umenishinda. Ndaga (asante). – Bibi, Tukuyu

Shikamoo, bibi. Pole sana. Methali hiyo ilikuwa na maana yake: apewe wembe, umkate, aone mwenyewe, asirudie. Gemu haikati. Inampa kitu kitamu kila baada ya sekunde chache, sauti, nyota, pointi, na haifiki mwisho. Kwa hiyo hapa wembe hautatusaidia kufundisha.

Tuanze na kuzima. Ukimwambia "bado dakika tano" umemwambia kitu asichokijua. Anajua mpaka maji ya chai yachemke. Anajua mpaka kuku waingie bandani. Na ndani ya gemu anajua kufa: "Ukifa mara mbili, tunazima." Kaa karibu yake, hesabu naye kwa sauti, na akishakufa mara ya pili abonyeze kitufe yeye mwenyewe, aiweke kwenye kikapu kwa mkono wake. Kuachia kwa mkono wako mwenyewe si sawa na kunyang'anywa. Usingoje chaji iishe ndipo mchezo uishe, maana inamkatia katikati, na hapo ndipo wanapolia zaidi. Chaja ikae kwako.

Siku tatu nne za kwanza atalia. Mwache alie, mkae naye, usimchape, usimrudishie. Ukimrudishia siku moja tu, atajua kwamba kilio kinalipa, ila kinataka uvumilivu, na kesho yake atalia zaidi.

Mara tu ikizimwa, mikono yake ipate kazi: kuokota mayai, kukonyoa maharage, kupukuchua mahindi. Kupukuchua nakupendekezea kabisa, kunatumia dole gumba lile lile. Mezani gemu isiwepo, na saa nzima kabla ya kulala iwe imezimwa. Watoto wa chekechea wanahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku.

Sasa, bibi, kuna jambo ambalo hukuliuliza na linanigusa. Gemu hiyo ililetwa na mama yake, kisha mama akaondoka. Inawezekana kwamba anapoilalia na kuikumbatia hivyo anamshika mama. Mwombe binti yako apige simu kila siku saa ile ile mnayozima gemu, hata kwa dakika mbili, aongee na mtoto kabla ya kuongea na wewe. Akija tena, aache kanga yake moja. Nimewahi kuona mtoto akitulia kwa kanga pale ambapo hakuna kingine kilichomtuliza.

Ndaga fijo, bibi.

Nina genge barabarani, Makambako. Mwanangu wa miaka minne nakaa naye hapa kutwa, malori yanapita mbele yetu. Nampa gemu ili atulie. Najua mtanilaumu. – Mama wa genge

Sikulaumu, dada yangu. Mtoto aliyekaa kwenye ndoo na gemu mkononi yuko salama kuliko aliyekimbilia lami. Ninachokuomba ni kuitunza kwa saa unayoihitaji kweli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, linasema watoto wa miaka mitatu na minne wasizidishe saa moja ya kioo kwa siku, na ikipungua ni heri, na simu na katuni zinahesabiwa humo humo. Wateja wako wanajaa lini? Nadhani ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Basi saa yake iwe hiyo, wewe unapopima na kurudisha chenji na huwezi kumtazama. Asubuhi gemu isitoke kwenye mkoba.

Mchana genge lenyewe ni shule. Apange nyanya mafungu ya tano tano. Atenganishe vitunguu vikubwa na vidogo. Achambue mawe kwenye maharage, na hayo mawe ayaweke kopo la pembeni, mkipata nafasi nyuma ya genge achimbe kishimo acheze mdako. Kurusha kokoto juu, kuzoa nyingine, kudaka ile kabla haijaanguka: mtoto anayeweza hivyo, siku akipewa gemu hatamwambia mtu nipitishie. Na akae nyuma yako, kreti zikiwa kati yake na barabara.

Mwalimu, dada yangu wa Marekani ametutumia Leapster, imetumika. Anasema hii ni ya kujifunzia, kwa hiyo haina madhara. Mtoto ana miaka minne, mwakani anaanza awali. – Mama, Forest, Mbeya

Kati ya zote zilizotajwa leo, hii ndiyo iliyotengenezwa kwa umri wake. Kampuni ya LeapFrog iliitoa mwaka 2003 kwa watoto wa kuanzia miaka minne, na ina kalamu ya kugusia kioo, jambo linalofaa kwa mkono unaojiandaa kuandika. Lakini saa moja ni ile ile moja, iwe ya kujifunza au ya kuruka mashimo.

Angalizo langu ni lugha. Inafundisha herufi za Kiingereza, na humo A inaitwa "ei", E inaitwa "ii", I inaitwa "ai". Mwanao ndiyo kwanza anajiandaa kwa a, e, i, o, u za awali. Nimepokea watoto wanaoimba herufi zote za Kimarekani bila kukosea, halafu ukiwaandikia "baba" wanakwama, kwa sababu "a" waliyoizoea haisomeki hapo. Kwa mwaka huu mfungulie sehemu za kuchora, kupanga maumbo na kuhesabu, ukae naye, mtaje kila kitu kwa Kiswahili. Sehemu za herufi zingoje ajue kwanza kusoma silabi zetu.

Kabla ya yote fungua sehemu ya betri. Gemu iliyokaa miaka mingi huwa na unga mweupe uliovuja kutoka kwenye betri za zamani. Ufute kwa kitambaa chenye siki kidogo, mtoto akiwa mbali, uache pakauke, ndipo uweke betri mpya.