Kabla hujakata bomba, kapime gari lenyewe

Juzi kijana mmoja wa Makorora, hapa Tanga, alikuja nyumbani na Land Rover ndogo ya mfano aliyoijenga mwenyewe, ameifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba mayai. Rangi imelala vizuri, milango inafunguka, hata turubai la nyuma amelishona kwa mkono. Nikaiweka mezani, nikaitazama kwa muda mrefu. Kuna kitu kilikuwa kinakataa. Nilipochukua rula nikakiona: bodi ina urefu wa Land Rover ndefu, ile 109, lakini magurudumu yamekaribiana kama ya ile fupi, 88. Nikamuuliza alipimia wapi. Akanijibu, "Kaka, mimi gari hizi nazijua tangu mdogo."

Nami nilizijua tangu mdogo, na kwa miaka mitatu nilijenga magari ya namna hiyohiyo. Ndiyo maana naandika haya, kwa yeye na kwa wengine wanaoniuliza waanzie wapi.

Sisi tuliokulia Ngamiani wengi wetu tulianza na magari ya waya. Bodi ya kopo la mafuta, tairi za ndala zilizokatika, usukani wa waya mrefu unaofika kifuani, unakimbia nalo Barabara ya 12 hadi giza liingie. Gari lile lilitimiza kazi yake likikimbia tu. Ukitaka mtu mzima alitazame gari lako dogo aseme "hili ni la fulani, lilikuwa likiegeshwa pale", hapo kukumbuka hakutoshi. Kichwa kinakuza boneti na kufupisha nyuma, na macho hayakwambii.

Chagua kwanza kipimo, yaani gari halisi utalipunguza mara ngapi, na usikiache. Yapo magari ya mfano ya 1:18, ya 1:43, na yale madogo ya mfukoni ambayo watu huyaita 1:64. Kwa kujenga kwa mkono nakushauri 1:24. Ni kubwa kiasi cha kushika bawaba ya mlango kwa koleo ndogo, ni dogo kiasi cha kukaa juu ya kabati, na hesabu yake ni nyepesi: futi moja ya gari halisi inakuwa nusu inchi. Ukitumia mita, badili kuwa milimita halafu gawa kwa 24. Land Rover 109 imeitwa hivyo kwa sababu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma ni inchi 109, yaani milimita 2,769. Gawa kwa 24, unapata milimita 115. Ile 88 inakuja milimita 93. Tofauti ni milimita 22, upana wa kidole gumba, na ndizo zilizomponza kijana wangu wa Makorora.

Kwa hiyo nenda kwenye gari. Hapa Tanga bado utazikuta, nyingine zinatembea, nyingine zimelala kwenye ua wa gereji zikisubiri spea. Msalimie mwenyewe, mweleze unachotaka, usianze kuvuta futi kamba juu ya mali ya mtu. Sijawahi kukataliwa. Watu wanapenda gari lao lipimwe. Mmoja alinishikia futi mwenyewe mpaka adhana ya magharibi. Anza na umbali wa magurudumu, kwa sababu kila kipimo kingine kinategemea huo. Fuata na urefu wote, upana, kimo cha paa kutoka chini, kisha kipenyo cha tairi. Tairi za 7.50 kwa 16 zina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo kwenye mfano wako zitakuwa milimita 33 hivi. Picha zipige ukiwa umerudi nyuma hatua kumi na tano au ishirini kisha uvute kwa kamera, ukiwa umechuchumaa usawa wa boneti. Picha ya karibu hupotosha: pua inakua, mkia unasinyaa. Na simamisha kijiti cha mita moja kando ya gari, usipoona kipimo daftarini utakisoma kwenye picha.

Uliza pia mwaka wake. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, na kwa miaka ishirini taa kubwa zilikaa katikati, ubavuni mwa rejeta. Zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Niliwahi kulijenga gari la katikati ya miaka hiyo nikalipa macho ya gari la 1975, nikalazimika kuvunja pua nzima.

Sasa vifaa. Mabapa ya plastiki ya kujengea mifano ambayo wenzetu wa Ulaya na Japani hununua dukani, hapa ni shida kuyapata, na sidhani unayahitaji. Mimi natumia bomba la maji taka la plastiki, la milimita 110. Mafundi bomba huacha vipande kila wanapojenga, waombe tu. Lipasue kwa msumeno wa chuma kwa urefu, litumbukize kwenye maji yanayochemka hadi lilegee, kisha lifungue na ulibane haraka kati ya mbao mbili zenye uzito juu. Likipoa unakuwa na bapa la upana wa karibu sentimita 34, na Land Rover ndefu nzima inahitaji sentimita 18 na nusu za urefu. Vaa glavu. Usilichome kwenye moto wa jiko hata siku moja. Plastiki ile ikiungua inatoa moshi wa sumu unaochoma mapafu. Maji ya moto yanatosha. Kuunganisha, gundi yake ni ileile ya mabomba.

Lakini bomba ni nene, na hapa ndipo magari mengi ya mikono yanapoonekana kama sanduku la sabuni. Bapa la milimita mbili, ukilizidisha mara 24, ni sawa na bati la karibu sentimita tano. Hakuna gari lenye mlango wa bati la sentimita tano. Kwa hiyo bomba liwe mifupa: chesisi, sakafu, kuta za ndani. Kila sehemu ambayo ukingo wake unaonekana, madigadi, boneti, kingo za dirisha, nguo yake iwe bati la kopo la soda. Bati lile lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo kwa kipimo chetu ni kama milimita mbili na nusu za gari halisi. Linakatika kwa mkasi. Likunje kwenye ukingo wa rula ya chuma, polepole, mara moja tu, kwa sababu ukilirudisha linapasuka. Likwangue kwa msasa namba 400 pande zote ili gundi na rangi vishike.

Kwa sehemu zenye mviringo nachonga kwanza umbo kwa mlingoti wa mkonge uliokauka, ule unaotoa ua. Sisi wa Tanga tumeuzoea mno hata hatuuoni: mwepesi, laini, unachongeka kwa kisu cha jikoni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge huku mwaka 1893 kutoka Florida kwa ajili ya kamba. Kwangu mimi mlingoti wake ndio kalibu bora kuliko zote nilizojaribu. Upake gundi nyeupe ya mbao kabla ya kulaza bati juu yake, la sivyo unabonyea.

Ekseli ni spoku ya baiskeli, na katika mji huu wa baiskeli hutakosa moja iliyotupwa. Vioo ni plastiki ngumu ya maboksi ya mashati. Usivigandishe kwa supa glu! Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo ambao hautoki. Gundi nyeupe ya mbao, kidogo kwa ncha ya kijiti, ikikauka haionekani.

Rangi ndiyo iliyonitesa kuliko vyote, na mwenye makosa ilikuwa hewa yetu. Nilipulizia gari asubuhi na mapema wakati wa masika, rangi ya NC ya magari, ile inayokauka upesi, nikaenda kunywa chai. Nimerudi, kijani changu kimegeuka maziwa. Fundi rangi mmoja wa gereji ya jirani alinieleza: thina inapokauka kwa haraka inapoza bati, na hewa ya pwani imejaa unyevu, basi unyevu unaganda juu ya rangi kabla haijakaza. Tangu hapo napulizia kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua, ndani ya boksi kubwa la katoni lililolazwa ubavu ili upepo wa baharini usinirushie mchanga. Naomba thina inayokauka polepole. Ikitokea maziwa bado, usikwangue. Subiri siku kavu upulizie thina tupu kidogo sana, mara nyingi rangi inarudi. Pulizia matabaka mengi mepesi badala ya moja zito, kwani tabaka zito linaziba mistari yote ya milango uliyoihangaikia. Ongeza tone la nyeupe pia, maana rangi ileile kwenye kitu kidogo inaonekana nzito kuliko kwenye gari. Na vaa barakoa, fungua madirisha, watoto wawe mbali.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini asinunue tu gari la kuunganisha la kampuni kama Tamiya au Revell. Nunua ukipata, utajifunza mengi, hasa mpangilio wa kazi. Ila ndani ya boksi lile hutakuta gari la baba yangu.

Baba aliendesha Land Rover ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Nilipoamua kuijenga yeye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na gari lenyewe liliuzwa zamani. Nilikuwa na picha moja, imekunjika. Vipimo nilichukua kwenye gari jingine la aina hiyo. Kazi ilichukua miezi minane, na nilipomaliza nililizeesha kama nilivyoona linapendeza: kutu nyekundu kwenye madigadi, kutu kwenye milango, kutu kwenye boneti. Nikampelekea mzee aliyekuwa utingo wa baba.

Alivaa miwani, akaligeuza mikononi. "Mwanangu," akasema, "gari hili umelipaka ugonjwa usio wake." Akanieleza kwamba bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na aluminiamu hailiwi na kutu nyekundu. Nilikuja kusoma baadaye sababu yake: baada ya vita vya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, wakatumia aluminiamu. Bodi hupigwa mabonde, hupauka, na pale inapogusana na chuma, hasa kwenye chumvi ya pwani kama yetu, rangi huinuka vipele na chini yake kuna unga mweupe. Kutu nyekundu mahali pake ni kwenye chesisi, bampa, ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva, na fremu ya mlango kwa chini. Nilikuwa nimeketi na gari halisi siku nzima na futi kamba mkononi, na hilo sikuliona.

Kisha akaniuliza, "Bampa la kushoto mbona limenyooka?" Nikamwambia kwenye picha halionekani. Akasema lilipinda tangu siku baba alipogonga mwembe akikwepa mbuzi, na halikunyooshwa tena. Akanionesha kwa kidole limeingia kiasi gani. Niliomba koleo palepale kwake.

Tangu siku ile sipaki uchakavu wowote kabla ya kuketi na mtu aliyelitumia gari. Muulize lilikwanguka wapi, mkono wake ulishika wapi kila siku hadi rangi ikaisha, mzigo ulipakiwa upande gani. Vumbi nalo lina kwao. Gari la kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto linarudi na udongo mwekundu chini ya madigadi, la kushinda mjini na Raskazone lina mchanga mweupe. Mimi nachukua udongo wenyewe, naukausha juani, naupitisha kwenye kipande cha kanga mara mbili, nauchanganya na vanishi isiyong'aa na kuugusisha kwa brashi kavu. Hakuna rangi ya dukani iliyonipa wekundu ule wa Muheza.

Sasa hivi mezani kuna Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968; mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa kwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Lina mikunjo mikali ubavuni na mapezi ya nyuma, bati la soda linanigomea, nimeshaharibu makopo tisa kwa ajili ya kona moja. Kijana wa Makorora amesema anaijua 404 iliyolala kwenye ua wa mtu huko Pongwe. Jumamosi tunakwenda na baiskeli, futi kamba anabeba yeye.