Maswali na majibu: Macho mazima, umakini umepungua

*Baba ana miaka 72. Amepimwa macho, akasoma ubao mpaka mstari wa mwisho. Mbona akiendesha gari, kwenye makutano anaponea chupuchupu kila mara?*

Ubao hupima jicho lililotulia, linalotazama herufi moja penye mwanga. Makutanoni hakuna kinachotulia. Uzee hupunguza upana wa eneo ambalo akili hulinasa kwa mtazamo mmoja, na huchelewesha kuhama kutoka kitu hadi kingine. Mzee anakazia macho lori linalokuja. Pikipiki ya pembeni inapita mbele ya macho yale yale, na hakuiona. Kona mbaya kuliko zote ni ile ya kukatiza njia ya magari yanayokuja: akadirie mwendo wao, nafasi iliyopo, na mtu anayevuka kule anakoelekea, vyote kwa pamoja. Aikwepe. Apitilize makutano, kisha azunguke mtaa kwa kona tatu za upande mwepesi, ule usiokatiza magari yanayokuja. Shingo ikiwa ngumu, ageuze na mabega. Vioo peke yake havitoshi.

*Kuongea kwa simu ya spika nikiendesha je, ni salama?*

Hapana. Swali hili halikomi! Kinachoshughulishwa ni akili, si mikono.

*Usiku taa za wenzangu zinaniacha kipofu kwa muda. Ninunue miwani ya njano?*

Usinunue, inapunguza mwanga ambao tayari ni haba. Jicho la miaka 60 hufikisha ndani takriban theluthi ya mwanga unaofika kwenye jicho la miaka 20. Futa kioo cha mbele kwa ndani, pale panapojenga utando. Taa zikija, tazama ukingo wa barabara upande wako, upunguze mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde 3 za upofu ni takriban mita 67. Halafu kapimwe mtoto wa jicho.

*Dawa za mafua zina neno?*

Zina. Klorofeniramini na difenhidramini, zilizomo katika dawa nyingi za mafua, huzubaisha hata kabla hujahisi usingizi. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ukiinywa usiku huweza kubaki mwilini asubuhi. Ya daktari usiikatishe mwenyewe, mwambie unaendesha.

*Mzee aache kuendesha akiwa na miaka mingapi?*

Umri si kipimo. Kaa naye kiti cha mbele nusu saa, umtazame: anapigiwa honi bila kujua kisa? Bampa ina mikwaruzo mipya asiyoweza kuieleza? Akikanyaga mafuta akidhani ni breki, au akipotea njia aliyoizoea, chukua funguo siku hiyo hiyo na umpeleke kwa daktari.