Uliza Fundi: Gurudumu la Nyuma, Mizigo na Safari Ndefu

Shikamoo Fundi. Najiandaa kwa safari ya miezi kadhaa kwa baiskeli, lami na vumbi. Nina kilo 88, na mizigo nakadiria kilo 25. Gurudumu la nyuma lina spoku 28 na limeshakata spoku tatu, zote upande wa cheni, zote pale kwenye kona inayoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Nikiweka mpya, inakatika ya jirani. Muuzaji ananishauri ninunue spoku nene zaidi. Nimsikilize? — Mzito wa Safari

Marahaba. Muuzaji mwache na spoku zake nene, nawe acha kubadilisha moja moja. Tatu zikishakatika mahali pamoja, zilizobaki upande huo zimezeeka sawa na wenzake, zinangoja zamu tu.

Spoku inayokatika kwenye kona haikuvunjwa na shimo la siku ile. Imechoka. Spoku zote zimevutwa kati ya ringi na habu, na kila zinapofika chini, kwenye ardhi, hulegea kidogo, kisha zikipita hukaza tena. Tairi la kawaida la safari lina mzingo wa kama mita 2.2, yaani mizunguko zaidi ya 450 kwa kilomita. Ukiendesha kilomita 80 kwa siku, kila spoku imelegea na kukaza zaidi ya mara 36,000. Ni kama waya unaoukunja na kuukunjua kwa vidole mpaka ukatike wenyewe, ila hapa mkunjo ni mdogo sana huwezi kuuona.

Spoku ikiwa imekazwa vya kutosha, na sawa na wenzake, kulegea huko hakuifikishi mahali pa kuchezacheza kwenye tundu la habu. Ikiwa imekazwa nusunusu, kila mzunguko kona inatikisika. Nyuma tatizo ni kubwa zaidi, maana giya zimechukua nafasi upande wa kulia. Spoku za kulia zinasimama wima zaidi, kwa hiyo lazima zivutwe kwa nguvu kuliko za kushoto ili ringi ikae katikati. Hapo hapo ndipo unapokaa na mizigo, na ndipo miguu yako inaposukumia.

Sasa hizo spoku nene. Mimi napendelea zilizopunguzwa unene katikati: milimita 2.0 kwenye ncha, 1.8 katikati. Najua inasikika kinyume. Lakini sehemu nyembamba inavutika kidogo inapopigwa na shimo, na kona inapumzika. Spoku nene tupu haivutiki, mshtuko wote unaishia kwenye kona, pale pale zako zilipokatikia.

Kwa kilo zako ningejenga gurudumu la nyuma la spoku 36, za chuma kisichoshika kutu, kila spoku ikipishana na wenzake mara tatu, kwenye ringi ya kuta mbili. Nati za spoku ziwe za shaba, si za aluminiamu. Za aluminiamu ni nyepesi, lakini zikikutana na chumvi na matope zinaganda na siku ya kuzikaza zinavunjika. Habu yako ya matundu 28 haitaingia kwenye ringi ya 36, kwa hiyo ni gurudumu jipya zima. La mbele lenye spoku 32 linatosha. Fedha ikiwa haba, punguza kwenye nguo na mikoba, usipunguze hapa.

Zaidi ya vifaa, tafuta mikono. Gurudumu la bei ya kawaida lililojengwa vizuri litalizika la bei kubwa lililokazwa haraka na mashine kiwandani. Mwulize fundi atakayelijenga kama huwa anazibana spoku akimaliza: anashika mbili mbili zinazokwenda sambamba, anazibana kwa viganja kwa nguvu zake zote, anazunguka gurudumu zima, kisha ananyoosha tena. Kwa kubana hivyo, kona zinakaa vizuri kwenye habu na mvuto uliobaki ndani ya chuma tangu zilipokunjwa kiwandani unapungua. Fundi akikushangaa kwa swali hilo, tafuta mwingine.

Wewe mwenyewe unaweza kukagua kwa masikio. Zigonge spoku kwa ukucha moja baada ya nyingine. Za kulia zitoe sauti moja, za kushoto sauti moja ya chini zaidi. Ukisikia moja inalia "dub" katikati ya zinazolia "ting", umempata mkosaji kabla hajakata. Endesha na mzigo kilomita mia mbili tatu karibu na nyumbani, rudi kwa fundi akague tena, ndipo uondoke.

Na hizo kilo 25, ndugu yangu, zipime tena. Vizito vihamishie mbele, chini, kila upande sawa.

Fundi, mimi na mume wangu tunataka kusafiri pamoja. Baiskeli yake ina magurudumu ya inchi 26, yangu ya saizi 700. Yeye anasema 26 hupatikana popote duniani, niuze yangu. Nani mkweli? — Mama Pedeli

Mumeo alikuwa mkweli zaidi zamani, dada. Baiskeli za milimani zilienea duniani zikiwa na 26, na tairi zake zikaenea nazo. Siku hizi za milimani nyingi mpya zinatoka na saizi kubwa zaidi. Tairi za 26 bado zipo, ila zilizo bora zinazidi kuwa chache.

Msibishane kwa inchi. Geuzeni tairi msome namba ya tarakimu tatu ubavuni, ile ya milimita. 26 ya milimani ni 559. 700 yako ni 622, na ile inayoitwa 29 nayo ni 622. Iliyo katikati, 27.5, ni 584. Muuzaji anaweza kukupa "26" nyingine yenye sehemu, 26 x 1 3/8, ambayo ni 590 na haikai kwenye ringi ya mumeo hata mkiivuta mchana kutwa. Wewe nawe jihadhari na "28" ya zile baiskeli nzito zenye breki za vyuma: 28 x 1 1/2 ni 635, ringi yako ni 622. Watu wamebeba tairi hizo siku nzima wakidhani wamepona.

Gurudumu dogo lina nguvu zaidi kwa idadi ile ile ya spoku, hilo ni kweli. Kubwa linapita mashimo kwa upole. Mimi nisingeuza baiskeli inayokukaa mwilini kwa sababu ya tairi. Hasara halisi ni kwamba mtabeba akiba ya aina mbili. Tyubu ya 26 inaweza kuvutwa ikaingia kwenye 622 kwa dharura ya siku moja, mradi unene ukaribiane. Kubwa kwenye dogo hujikunja na kujikata.

Muhimu kuliko yote hayo ni unene. Milimita 40 hadi 50, kama fremu na madgadi zinaruhusu, ndiyo tairi ya kubebea mizigo kwenye vumbi. Upepo usijaze mpaka kikomo kilichoandikwa ubavuni. Hicho ni kikomo, si amri. Na kama ringi zenu ni pana, tumieni nyote valvu za aina ya magari, mjaze upepo hata penye pampu ya gari. Tundu la valvu hiyo ni milimita 8.5, la ile nyembamba ni 6.5, kwa hiyo nyembamba inaweza kuingia kwenye tundu kubwa kwa kuwekewa kishikizo, kubwa haiingii kwenye dogo.

Breki za diski au za ringi? — Mvivu wa Kusoma

Kwa njia ya matope na mchanga, diski ya kebo. Breki za ringi zinakula ringi yenyewe. Ringi nyingi zina kijifereji au kitundu cha alama pale breki inapogusa; kikifutika, ringi imekwisha, hata kama inang'aa. Diski ikiisha unabadilisha diski. Kumbuka tu kwamba gurudumu la mbele la diski nalo huvutwa zaidi upande mmoja, wa kushoto.

Fundi, spoku ikikatika porini nifanye nini, na nibebe nini? — Kijana wa Keria

Izungushe iliyokatika kwenye jirani yake isigonge fremu. Legeza spoku mbili za pembeni yake, kidogo kidogo, mpaka ringi iache kugusa, na breki ya ringi ifungue ikibidi. Gurudumu la spoku 36 litakufikisha hivyo polepole. La 28, ombea.

Kwenye akiba weka spoku za urefu wote unaotumia: za mbele, za nyuma kulia na za nyuma kushoto, kwani hutofautiana kwa milimita chache. Zifunge kwa utepe kwenye fremu. Usisahau spana ya kufungulia giya za nyuma, maana spoku za kulia haziingii bila kuzitoa. Kuna pia spoku ya dharura ya uzi wa kevla, inayoingia bila kufungua giya. Ni nyepesi, beba moja.

Keria iwe ya chuma, kwani chuma kikikatika mchomeleaji yeyote anakiunga, aluminiamu si kila mtu. Bolti zake zipake gundi ya kuzizuia zisilegee, na kila asubuhi kabla ya kupakia zishike kwa spana. Hasa ile ya chini kushoto, unayoificha na mkoba.