Maswali ya wasafiri: Addis Ababa si mahali pa kusubiria ndege tu

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu Ethiopia na jamani mmeandika. Nilichogundua ni kwamba wengi wenu mmeshapita uwanja wa Bole mkienda Dubai, Guangzhou, Jeddah ama Ulaya, ila mji wenyewe mmeuona kwa dirisha la ndege tu, alafu mnaniuliza kama kuna kitu cha kuona. Kipo, tena kingi mno, na hilo jambo naliongelea kwa uchungu kabisa sababu ni nchi inayopakana na Kenya na sisi tunaifahamu kidogo kuliko tunavyoifahamu Uturuki. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

Dada, narudi toka Guangzhou mwezi ujao na nakaa Addis saa kumi na nne kabla ya ndege ya Dar. Nitoke nje au nilale tu kwenye viti? – Mfanyabiashara, Kariakoo

Toka kaka, usilale. Uwanja wa Bole uko ndani ya mji, sio kama viwanja vingine unasafiri saa nzima ndo unaona nyumba. Cha kwanza ni viza, Mkenya anaingia bila viza ila wewe Mtanzania shughulikia e-viza mapema kwenye tovuti ya serikali yao, na pia wapigie shirika la ndege uliza kama tiketi yako ina hoteli ya transiti maana mara nyingine ipo na watu hawaulizi.

Ukitoka usijaribu kuzunguka mji mzima, foleni zitakumaliza. Nenda Makumbusho ya Taifa, pale kati ya Arat Kilo na Amist Kilo, ukamwone Lucy, yule binadamu wa kale, wenyewe wanamwita Dinknesh. Mifupa yake ilipatikana Hadar kule Afar mwaka 1974 na ana umri wa miaka milioni 3.2. Unayoiona kwenye kioo ni nakala, mifupa halisi imehifadhiwa, lakini hilo lisikukatishe tamaa, na ukiwa umesimama pale kumbuka kwamba zile nyayo za Laetoli kwetu karibu na Ngorongoro wataalamu wanaamini ziliachwa na watu wa jamii hiyo hiyo ya Lucy, na zile ni za zamani zaidi, miaka milioni 3.6. Yani ni familia moja hiyo. Baada ya hapo kula, kunywa kahawa, kaa ndani ya gari saa tatu kabla ya ndege. Inatosha.

Nimenunua tiketi ya basi ya mkoani imeandikwa saa 11:00 na tarehe sielewi, mwaka ni wa nyuma kabisa. Nimeibiwa? – Kijana wa Arusha, niko Addis sasa hivi

Hujaibiwa mdogo wangu, hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, lala mapema. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, siku inaanza jua likichomoza, saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi basi. Wazungu wanachanganyikiwa sana hapo na wanaachwa na mabasi, wewe mwenzangu ndio unatakiwa uwe nyumbani kabisa. Shida inakuja kwenye ndege, hoteli kubwa na ofisi za kimataifa maana wale wanatumia saa ya kizungu, kwa hiyo mtu akikwambia muda muulize tu, saa ya habesha (ya kwao) au ya ferenji (ya kizungu)?

Na mwaka pia ni sawa. Kalenda yao ina miezi 13, kumi na miwili ya siku thelathini alafu kamwezi kadogo ka siku tano au sita, mwaka mpya wao ni Septemba 11 (mara moja kila miaka minne inakuwa 12) na wako nyuma yetu miaka saba au minane kutegemea ni mwezi gani. Ukiwa na wasiwasi na tarehe omba waandike zote mbili.

Shikamoo dada. Nataka kwenda na wanangu wawili likizo ya Desemba, sisi ni Waislamu, nasikia kule wanakula nyama mbichi na baridi ni kali. Watoto wataweza? – Mama, Mombasa

Marahaba mama. Wataweza vizuri tu, na nyinyi chakula hakitawasumbua hata kidogo. Wakristo wa Orthodoksi wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa na mayai, kwa hiyo siku hizo kila hoteli ina beyaynetu, injera kubwa (ule mkate wao mwembamba kama chapati) imepangwa dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde), kabeji, sukuma na biti juu yake, tamu na bei yake ni ya kawaida. Nyama ni hivi, Waislamu wana bucha zao na migahawa yao na Wakristo wana zao, hawachanganyi, kwa hiyo ukiuliza halali huonekani mtu wa ajabu, wamezoea. Nenda kuzunguka Msikiti wa Anwar pale Merkato, au mtaa wa Bole Michael ambako Wasomali ni wengi na utapata wali na mbuzi watoto wale kama wako nyumbani.

Nyama mbichi ipo kweli, kitfo ni nyama ya kusaga na siagi na huletwa mbichi au imepashwa kidogo, ukitaka iliyoiva sema yebesele. Baridi usiidharau, Addis iko mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari na mtu wa Pwani siku ya kwanza anahema akipanda ngazi na kichwa kinagonga, basi siku ya kwanza msizunguke sana, mnywe maji, na kila mtoto awe na sweta zito la usiku. Desemba umechagua vizuri, mvua kubwa ni Juni mpaka Septemba.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nina siku tatu Addis, sitaki maduka, nataka historia ya Afrika. Nianzie wapi? – Morogoro

Mwalimu swali lako nimelipenda, siku tatu hazitakutosha ila tuanze.

Siku ya kwanza Piassa, mtaa wa zamani katikati ya mji. Piassa ya zamani sehemu kubwa imebomolewa mwaka 2024 kwenye ule mradi wa kupanua barabara na kuremba mji, na mimi kwa kweli nyumba zile za mbao zenye vibaraza nazilia, mtu aliyeziona anajua nini kimepotea. Lakini hapohapo Piassa Februari 2024 ilifunguliwa Kumbukumbu ya Ushindi wa Adwa, jengo kubwa sana, linaeleza jinsi jeshi la mfalme Menelik II, na mkewe Taytu naye alikuwemo vitani, lilivyolipiga jeshi la Italia tarehe 1 Machi 1896. Tunafundisha Adwa kwa aya mbili darasani, pale utaona ilivyopangwa, watu walivyotoka kila pembe ya nchi kwa miguu.

Siku ya pili nenda Africa Hall. Ndimo viongozi wetu walimokaa Mei 1963 wakaunda OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, na Mwalimu Nyerere alikuwepo, na uamuzi wa kuweka Kamati ya Ukombozi Dar es Salaam ulitoka kwenye kikao kile kile, kwa hiyo ukikuta wanafunzi wako wanauliza kwanini wapigania uhuru wa Msumbiji na Zimbabwe walijaa Dar, sehemu ya jibu iko kwenye ule ukumbi. Kuna vioo vya rangi vya msanii Afewerk Tekle, ukuta mzima, vinaonyesha Afrika ilikotoka na inakokwenda, kaa chini uviangalie taratibu. Jengo ni la Umoja wa Mataifa kwa hiyo lazima uombe nafasi kabla na uende na pasipoti, usifike tu mlangoni. Makao ya Umoja wa Afrika yenyewe nayo hayaingiliki hovyo, ila kwa nje utaona mnara wao na ndani ya eneo lile kuna jengo la amani na usalama linaitwa kwa jina la Julius Nyerere.

Siku ya tatu, Makumbusho ya Mashahidi wa Red Terror, karibu na uwanja wa Meskel. Hapo ni pazito mwalimu. Ni habari ya utawala wa kijeshi wa Derg baada ya Haile Selassie kupinduliwa 1974, vijana wengi wasomi waliuawa, kuna picha zao ukutani safu kwa safu, na mifupa, na miongoni mwa wanaotembeza wageni wamekuwepo walioteswa wenyewe. Usipange kitu kingine mchana huo. Kesho yake kama ndege ni jioni pita Kanisa la Utatu Mtakatifu alipozikwa Haile Selassie, alizikwa hapo mwaka 2000, miaka 25 baada ya kufa.

Usafiri wa mjini: zile Hiace za bluu na nyeupe ndio daladala zao, konda anaita mtaa kwa sauti, mpe jina la unapokwenda atakusukumiza kwenye gari sahihi. Usiku tumia programu ya Ride. Treni ya mjini ipo toka 2015 ila mabehewa yanayotembea yamepungua na msongamano ni wa kutisha, ipande mara moja kwa kuiona.

Nina siku kumi. Nataka Lalibela, Axum, Danakil, Omo, Bale na Harar. Nipangie ratiba. – Mwanafunzi, Dodoma

Sikupangii hiyo mdogo wangu, hiyo ni ratiba ya kuona barabara. Ethiopia ina zaidi ya kilomita za mraba milioni moja na imejaa milima, chagua upande mmoja.

Kaskazini ndiko watu wote wanataka, na Lalibela na makanisa yake 11 yaliyochongwa kwenye mwamba ni kitu ambacho mtu akikiona hasahau. Lakini toka Agosti 2023 kuna mapigano mkoa wa Amhara kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano, na mimi simshauri mtu apite huko kwa gari. Wanaokwenda wanaruka na ndege, na hata hao uliza hali wiki ile ile unayosafiri, sio habari ya mwaka jana.

Mimi ningekuwa wewe ningeenda mashariki, Harar. Ningeenda mapema, kabla ya vingine vyote. Panda treni mpya ile ya umeme inayoenda Djibouti, stesheni iko nje ya mji Furi-Lebu (hakikisha siku za safari maana ratiba inabadilika), shuka Dire Dawa, joto lake utalipenda baada ya Addis, alafu kamata gari ndogo unapanda mlima mpaka Harar kilomita hamsini na kitu. Ukikosa treni ndege ya Dire Dawa ni kama saa moja.

Harar ya ndani inaitwa Jugol, mji wenye ukuta wa karne ya 16, vichochoro vimebana, kuta zimepakwa rangi za kijani, waridi na buluu, misikiti 82 ndani ya eneo unalolimaliza kwa miguu, mitatu kati yake ni ya karne ya 10, na makaburi ya mawalii kila kona. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe akiingia pale atatulia tu, ile hali ya vibaraza, salamu, udi, na wazee wanaokujua ni mgeni kabla hujafungua mdomo. Lala ndani ya ukuta, kuna nyumba za Kiharari zinapokea wageni, unavua viatu mlangoni, sebule ina majukwaa ya kukalia yaliyopakwa rangi nyekundu na ukuta wote umejaa vikapu na sahani walizosuka wanawake wa nyumba. Asubuhi tembea Makina Girgir kwenye mafundi cherehani, wanakushonea suruali unasubiri. Soko la nyama angalia juu, mwewe wanashuka kupokonya nyama mkononi mwa mtu.

Na jioni fisi. Kwetu fisi ni mambo ya uchawi, mtu hataki hata kumtaja, pale kuna mwanaume anakaa nje ya ukuta jua likizama anawaita kwa majina yao na wanakuja, anawalisha nyama kwa kijiti na ukitaka anakupa kijiti wewe. Ukuta wenyewe una matundu ya chini yanayopitisha fisi usiku waingie kula mabaki, na siku ya Ashura wanawekewa uji wa siagi. Watalii wengi wanakuja kwa hilo tu wanaondoka asubuhi, usifanye hivyo, kaa usiku tatu au nne. Siku zinazobaki rudi Addis, na ukiwa na nguvu nenda Bishoftu, kama kilomita 45 toka Addis, ukakae kwenye maziwa yaliyojaa ndani ya mashimo ya volkano.

Bale nayo ukienda mara nyingine, kule Sanetti kwenye mita 4,000 ndiko waliko mbwa mwitu wa Ethiopia, mnyama ambaye hayupo nchi nyingine yoyote duniani.

Nibebe hela kiasi gani? – Wengi mmeuliza

Bei zozote mnazosoma za kabla ya Julai 2024 zifuteni. Mwezi ule serikali iliiacha birr, hela yao, ipangwe na soko na ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake dhidi ya dola ndani ya miezi michache, bei za madukani nazo zikapanda. Beba dola safi mpya mpya, badilisha benki, tunza risiti sababu birr zikibaki utaihitaji kuzirudisha kuwa dola. Wenyeji wanalipa kwa simu, kwa Telebirr, ila mgeni atembee na keshi. Laini nunua ya Ethio telecom au Safaricom, Safaricom iko kule toka Oktoba 2022, nenda dukani na pasipoti.

Nikitoka Nairobi kwa basi nafika kweli? – Msomaji, Thika

Unafika. Lami imekamilika Isiolo, Marsabit mpaka Moyale, basi linatembea usiku unafika mpakani asubuhi. Vuka, gonga muhuri pande zote mbili, uwe na kadi ya homa ya manjano, alafu panda gari la upande wa pili na ukumbuke kule magari yanapita kulia, angalia vizuri kabla hujavuka barabara. Toka Moyale mpaka Addis ni zaidi ya kilomita 700, usiunganishe, lala Hawassa, amka uende sokoni ziwani ule samaki wa kukaanga. Kusini mwa Oromia, upande wa Borena na Guji, kumekuwa na matukio ya vikundi vyenye silaha, kwa hiyo safiri mchana tu na pale Moyale waulize madereva wa malori hali ya barabara, wao wanaipita kila wiki na wakikwambia subiri kesho, subiri.