Upepo, jua na betri: majibu ya maswali yenu

Nina paneli za kilowati 3 na tabo ya upepo (mashine inayogeuza upepo kuwa umeme) ya kilowati 2. Basi nina kilowati 5?

Kwenye risiti, ndiyo. Kwenye jua na upepo halisi, mara chache.

Betri ya ukubwa gani itanitosha?

Swali hili haliishi, na muulizaji hasemi kamwe anatumia yuniti ngapi kwa siku. Nijibuje? Kilowati ni kasi ya kula umeme. Kilowati-saa, yaani yuniti, ni kiasi kilicholiwa. Tuseme unatumia yuniti 5 kwa siku na unataka kuvuka siku 2 za mawingu bila upepo: unahitaji 10 za kutumia. Betri ya asidi huchakaa upesi ikishushwa chini ya nusu, kwa hiyo nunua ya yuniti 20. Ya lithiamu unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi, basi 12.5 inatosha. Lakini anza na lile friji kuukuu. Kulibadilisha huenda kukawa rahisi kuliko kulinunulia betri.

Fundi ameunganisha tabo kwenye kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, kupunguza gharama. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Betri ikijaa, paneli ukiikata hutulia. Tabo ukiikata hukosa mzigo, ikazunguka kwa kasi hadi mapanga yavunjike. Inataka kontrola yake, yenye rezista ya kumwagia umeme wa ziada. Ifunge breki leo, kisha mwite fundi. Mwingine.

Naweza kuifunga tabo juu ya paa?

Usithubutu. Upepo wa paani umevurugwa na majengo, na mtetemo utakufuata kitandani. Tena nguvu ya upepo hufuata kasi yake kwa kipeo cha 3: kasi ikishuka nusu, unabaki na sehemu 1 ya 8. Muuzaji anayenadi kilowati 2 mara nyingi anazungumzia upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde. Kwako unavuma hivyo mara ngapi? Pimeni kabla ya kununua!

Si jua na upepo hukamilishana?

Mahali pengine. Upepo ukivuma usiku au msimu wa mawingu, utanunua betri ndogo zaidi. Kwingine vyote hulala pamoja. Wastani wa mwaka hautakuonyesha hilo. Tazama mwezi mbaya kuliko yote.

Gridi ikikatika, mbona na sola yangu inazima?

Inveta yako, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani, ni ya gridi tu. Hujizima makusudi, isipeleke umeme kwenye nyaya za nje ikamuua fundi aliye juu ya nguzo. Ukitaka taa ziwake, nunua ya mseto, yenye betri, na usimruhusu mtu "kuichezea" hiyo ya sasa.