Gari imefika Dar haiwaki, bampa limebonyea na BL imekosewa namba. Nianze na lipi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mwalimu huku Mwanza, nimeagiza Toyota Noah toka Japan kwa bei ya C&F mpaka Dar. Meli imeshashusha, sasa wakala wangu wa kuitoa kanipigia anasema gari haiwaki kabisa, bampa la nyuma limebonyea, redio na spea tairi hamna, afu juu ya hapo namba ya chasisi kwenye BL (hati ya meli ya kusafirishia mzigo) haifanani na iliyo kwenye gari, tarakimu moja imekosewa. Anataka niongeze hela. Muuzaji anasema gari ilipakiwa nzima na picha anazo. Mimi naogopa gharama za storeji bandarini, nimemwambia wakala aitoe tu, mengine tutajua mbele ya safari. Nimekosea? Ikitoka nataka nitafute dereva ailete huku.

JIBU: Pole sana mwalimu. Hilo la kuitoa tu mpigie sasa hivi umwambie asubiri, halafu urudi uendelee kusoma. Wakala wako akisaini kwamba kaipokea gari bila kuandika kasoro yoyote na gari ikavuka geti, kuanzia hapo inahesabika umeipokea ikiwa nzima mpaka wewe mwenyewe uthibitishe vinginevyo, na utathibitishaje wakati gari imeshapita mikononi mwa watu kibao? BL nyingi zinafuata kanuni za Hague za 1924 na ndivyo zinavyosema: uharibifu unaoonekana unautolea taarifa ya maandishi pale pale kabla au wakati wa kupokea mzigo, usioonekana kwa macho una siku 3, na ukitaka kushtaki una mwaka 1 tangu ulipokabidhiwa. Maandishi mwalimu, sio simu, sio kumwambia mlinzi wa yadi.

Ila bampa sio tatizo lako kubwa, kubwa ni namba.

Mwambie wakala apige picha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, na lile bati la kiwandani, zote mbili zisomeke vizuri. Halafu weka pembeni cheti cha kufuta usajili wa Japan (kile kina maandishi ya Kijapani, na tafsiri yake) na BL. Gari za soko la Japan hazina ile namba ndefu ya herufi 17 kama za Ulaya, zina alama ya modeli (herufi na namba), kistari, na namba ya mfululizo, mfano Noah nyingi za kuanzia 2007 zinaanza ZRR70 halafu tarakimu 7, kwa hiyo karani akikosea moja tu hakuna mfumo unaomshtua, inapita hivyo hivyo mpaka Dar.

Sasa kama gari na cheti vinafanana na BL peke yake ndo imepotoka, hiyo ni kosa la uchapaji, inarekebishika. Muuzaji anaiandikia kampuni ya meli huko Japan, wanatoa masahihisho, ajenti wao wa Dar anarekebisha manifesti (orodha ya mizigo ya meli) kwenye mfumo wa TRA, ndipo wakala wako anapeleka kadhia yako ya forodha, yaani tamko la gari. Mpangilio uwe huo huo, usikubali mtu akwambie tulipie kodi kwanza namba tutairekebisha baadaye, maana ukishalipia kodi kwa namba isiyo ya gari yako unakuja kuhangaika mara mbili, kwenye kuitoa na tena kwenye kusajili. Gharama ya masahihisho mdai muuzaji, kwa kawaida yeye ndo aliyetumiwa drafti ya BL akaikubali. Atabisha kidogo, wengi hulipa.

Lakini kama gari yenyewe haifanani na cheti, simama hapo hapo. Hapo inawezekana umeletewa gari ya mtu mwingine, inatokea, Noah nyeupe zinapakiwa nyingi tu, na usilipe senti ya kodi mpaka muuzaji aeleze yako iko wapi. Kuna gari nyingine zinashushwa Mombasa wakati ni za Dar, au zinapitilizwa na meli, kwa hiyo usione ajabu.

Turudi kwenye bampa. Kabla hujagombana na mtu omba ile karatasi ya mnada wa Japan kama gari ilinunuliwa mnadani. Kuna mchoro wa gari una herufi na namba: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, B ni kubonyea pamoja na mkwaruzo, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa na kupigwa rangi, na namba inavyopanda ndivyo uharibifu unavyokuwa mkubwa. Ukikuta U3 kwenye bampa la nyuma basi mwalimu hilo bonde ulilinunua mwenyewe, halijatokea baharini. Ukikuta hakuna kitu, na picha za muuzaji za bandarini zinaonyesha nyuma iko nzima, ndo unakuwa na kesi.

Kesi dhidi ya nani sasa? Sio muuzaji. C&F maana yake bei yake ina gari na nauli ya meli, lakini hatari inahamia kwako gari ikishapakiwa melini, kwa hiyo anaposema ilipakiwa nzima anasema kitu chenye uzito kisheria hata kama kinakuudhi. Bima ilikuwa juu yako. Kama ulikata, soma kwanza unalipiwa nini, maana bima nyingi za magari yaliyotumika zinalipa hasara kamili tu, yaani meli izame au iungue, kama ile Felicity Ace iliyoshika moto 2022 na maelfu ya magari ndani ikazama, vibonde na redio hazigusi. Kama hukukata, anayebaki ni kampuni ya meli, na hao kwenye BL ya gari iliyotumika huwa wameshajiwekea maneno kwamba mikwaruzo na vifaa vilivyo ndani haviwahusu. Mtazamo wangu: andika barua ya kulalamika kwa ajenti wa meli, omba ripoti ya uharibifu isainiwe, kesi iwe wazi, lakini usiizuie gari bandarini wiki nzima kusubiria fidia ya bampa. Storeji itakula zaidi ya bei ya bampa.

Redio na spea tairi, achana navyo kwa upande wa fidia. Toa taarifa polisi wa bandari upate RB, inatosha, halafu tafuta spea tairi Ilala au Gerezani. Na redio usiililie, zile za Japan zinaanzia 76 zinaishia 90, stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, ungeinunulia kifaa cha kuongeza mawimbi au ungeibadilisha tu. Mwambie wakala aangalie vitu vinavyouma zaidi: rimoti ya pili, swichi za vioo, saidi mira, taa, jeki, na achungulie chini kama masega yapo (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi). Masega yakiwa yametolewa gari ikiwaka itanguruma mpaka mtaa wa pili.

Kuhusu kutowaka, tisa kwa kumi ni betri. Gari imesimama yadi Japan ikisubiri meli, ikakaa baharini mwezi au zaidi, imeshuka imesimama tena, betri yenyewe ni ya zamani, itaachaje kulala. Waishtue kwa betri nyingine, waya wa chanya kwa chanya, na wa hasi wafunge kwenye chuma cha injini, wasikosee maana ukigeuza waya unaunguza fyuzi na hata kontroli boksi. Kama ni ya kubonyeza kitufe, ufunguo wa chuma umejificha ndani ya rimoti kwa ajili ya mlango. Gia ikigoma kutoka P kuna kitufe kidogo karibu na mkono wa gia, wakati mwingine kimefunikwa na kifuniko cha plastiki, ukikibonyeza inaachia. Wakikwambia waisukume iwake, kataa, otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Wakishtua na bado haiwaki, waangalie mafuta kwanza, gari hizi zinapakiwa na mafuta kidogo sana makusudi.

Na kuvutwa: Noah za kawaida za kuanzia 2007 zinaendeshwa na matairi ya mbele, nyingi zina gia za CVT (otomatiki ya mkanda). Ya mbele lazima yanyanyuliwe. Kama yako ni ya kuendeshwa matairi yote manne, iwekwe mzima mzima juu ya bredauni. Ikiburutwa matairi yakizunguka, giaboksi unaiaga, na hiyo mwalimu ndo hasara ya kweli, bampa utalisahau.

Hela anayoongeza wakala. Sisemi ni mwizi, tatizo la BL linaleta gharama halali. Ila kodi ya TRA na tozo za bandari zinalipwa kwa kontroli namba, akutumie namba ulipe mwenyewe toka simu yako. Za ajenti wa meli na bandari kavu zina invoisi, aitume. Kinachobaki ni ada yake yeye, hiyo mnakubaliana. Akishindwa kukuonyesha karatasi ya kiasi fulani, kiasi hicho usitume. Na kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kiko mtandaoni, weka modeli na mwaka ulinganishe na aliyokutajia.

Hofu yako ya storeji ni ya haki. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakupa siku 21 tangu meli ianze kushusha uwe umepeleka kadhia, ukipitisha gari inaweza kuhamishiwa ghala la forodha na mwisho wake ni mnada. Kwa hiyo barua ya masahihisho muuzaji aandike leo, sio Jumatatu.

Safari ya Mwanza sasa, na hapa watu wanaumia bila sababu. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Morogoro, Dodoma na Singida, dereva anataka afike kesho yake, gari hujaijua. Iwe imesajiliwa, ina namba na bima. Afu angalia matairi. Gari zinazotoka Hokkaido na sehemu za baridi mara nyingi zinakuja na tairi za theluji, mpira wake laini, kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana zinachemka na kupasuka. Ubavuni kuna tarakimu 4, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta 2214 hiyo ni tairi ya 2014, ibadilishe Dar kabla haijaondoka. Mwaga oili, weka mpya, kagua kulanti na mikanda, nunua betri mpya hiyo iliyolala usiiamini, na dereva mwambie alale Dodoma au Singida, mlipie gesti.

Picha za chasisi ukizipata nitumie pamoja na cheti, nikuangalie kama ni uchapaji au ni gari ya mtu.