Mti wa kumkumbuka bibi: angalia kisiki kwanza

Bibi tulimzika Juni. Siku ya kumaliza matanga tulipanda miche kumi ya mikwaju pembeni mwa shamba lake huku Chamwino, kila mjukuu na mche wake. Kufika Septemba haukubaki hata mmoja. Mitatu ililiwa na mbuzi, iliyobaki ikakaushwa na jua. Mama alilia upya kama siku ya msiba.

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo ukifiwa kiangazi, chimba mashimo, jaza samadi, tafuta matawi ya miiba ya kuzungushia, kisha subiri. Panda udongo ukishalowa hadi chini.

Lakini hata mche wenyewe huenda usiuhitaji. Pita shambani utazame visiki vya migunga tunavyovipiga jembe kila mwaka. Juu vinaonekana vimekufa, ila mizizi iko hai na imeshafika mbali kuliko mche wowote wa kitaluni. Kondoa waliliona hili zamani: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 kwenye ardhi iliyomomonyoka, vichaka na miti vilirudi vyenyewe.

Njia hii tunaiita kisiki hai. Machipukizi yakitoka, chagua mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, mengine kata. Pogoa matawi ya chini, usivuke nusu ya urefu wa shina. Kisha funga kitambaa, ili mlimaji na mchungaji wajue mti huu una mwenyewe. Sisi tulichana pindo la kanga ya bibi, ile ya bluu aliyokuwa akijifunga akienda kupalilia. Rudi kila msimu, uondoe machipukizi mapya.

Ukitaka kupanda lazima, chagua mti wa kwetu: mkwaju, mbuyu, mninga. Mwarobaini na mjohoro vina kivuli kizuri, nami sivichukii, lakini asili yake ni Asia na msitu wetu haukuwa nao. Mpingo hukua polepole mno. Upande ukijua unamwachia mjukuu.

Mgunga wa bibi sasa umenipita kimo. Kitambaa cha kwanza kilipauka kikakatika. Mwaka jana mama alichana kingine kwenye kanga ileile, akakifunga mwenyewe.